Jina Lisilotajwa Newala

Masasi, 22 Septemba 2025

Mjomba Fortunatus,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mimba inamchosha Pendo, lakini anakula. Kifua chako vipi na vumbi la msimu huu?

Nakuandikia barua kwa kuwa simu umesema huiamini. Kompyuta yako inatumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba wenyewe wanaacha kuihudumia: matundu ya usalama yakitokea, hayatazibwa tena. Toleo jipya halikubali kuingia kwenye mashine ya zamani kama hiyo. Dawa ni kuhamia mfumo mwingine, unaitwa Linux, na ni wa bure. Hapa shuleni nimehamisha kompyuta kumi na moja kwa mkono wangu.

Kwanza tunainakili shajara yako pembeni, maana kuhama kunafuta kila kitu. Alhamisi fundi Ashiru anakuja huko. Mpe kompyuta na neno la siri.

Mpwa wako,
Ladislaus


Newala, 27 Septemba 2025

Mpwa wangu Ladislaus,

Marahaba. Kifua ni kilekile, na mimi ni yuleyule. Msalimie Pendo, mwambie asiinue ndoo.

Barua yako nimeipokea kwa Haji, kondakta wa basi, tarehe 24 saa nane mchana. Bahasha ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa upya. Nimeliandika hilo katika shajara.

Ashiru alifika. Nilimpa chai na mihogo. Kompyuta niliiweka uvunguni. Alinisubiri, nami nikamsubiri, mwisho akaaga.

Kompyuta inawaka. Nani ameitangazia kifo, tena kwa tarehe? Na hilo la bure halinikai akilini. Hapa Newala hata maji hatujawahi kupewa bure, nawe unaniambia mtu asiyenijua ananipa mfumo mzima. Anachokitaka huyo hajakisema bado. Ashiru alivaa fulana yenye picha ya ndege mnene. Nikamuuliza, huyu ndege gani? Akajibu, "Ndiyo alama ya Linux, mzee. Haruki huyu." Mtu mzima nihamie kwa ndege asiyeruka?

Tena umeandika mwenyewe kwamba kuhama kunafuta kila kitu. Madaftari yangu yaliliwa na mchwa mwaka 2017, unajua. Bahati nilikuwa nimekwisha kuyachapa. Miaka yangu yote imebaki humo tu. Neno la siri sitoi.

Mjomba wako,
Fortunatus


Masasi, 4 Oktoba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Huku salama. Ndoo nazibeba mimi, na majirani wananicheka.

Haya mengine nimeyasoma nikacheka pia, lakini nimeumia. Unajua ninachokiogopa. Humo ndimo ilimo miezi minne ya mwisho ya mama. Mimi nilikuwa bweni Lukuledi, kidato cha pili. Wewe ndiwe uliyemuuguza dada yako, ukaandika kila siku alichokula na alichosema. Uliniambia, "Siku ukipata mtoto nitakusomea. Kabla ya hapo utalia tu bila faida." Mtoto anakuja Januari. Kompyuta ikiharibika, mama amekufa mara ya pili.

Na nikuulize. Pasaka nilipoingia chumbani ulikuwa unaandika hilo neno, ukafunika kibodi kwa kofia. Kofia, Mjomba! Kuna nini humo nisichotakiwa kukijua? Mama alikufaje?

Mpwa wako,
Ladislaus


Newala, 16 Oktoba 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, korosho zimeanza kudondoka, naziokota taratibu na mgongo wangu huu.

Tarehe 14 nilikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi nikisubiri izimike. Haikuzimika. Jana imewaka. Leo imewaka. Mpelekee Ashiru salamu hizo.

Kuhusu mama yako hakuna baya lililofichwa. Alikufa kwa ugonjwa ule ule unaoujua, mkono wake ukiwa katika mkono wangu. Nilichokiandika nitakiapia.

Kuhusu neno la siri, Haji ningeweza kumpa. Hata Ashiru ningempa, ila najua angekuja kukutajia. Wewe tu ndiwe nisiyeweza kukupa.

Mjomba wako,
Fortunatus


Masasi, 20 Oktoba 2025

Mjomba,

Shikamoo.

"Wewe tu." Nimeisoma mara nne. Kwetu mjomba ndiye mzazi, na wewe ndiye uliyenilea. Kumbe konda wa basi anaaminika kuliko mimi.

Sitauliza tena.

Ladislaus


Newala, 9 Januari 2026

Mpwa wangu Ladislaus,

Sijui kama u mzima, wala kama Pendo yu mzima, maana leo ni siku ya themanini na moja bila salamu yako. Barua yako ya mwisho haikuandikwa "mpwa wako". Niliigeuza nyuma kutazama kama umeliandika huko.

Tarehe 6, saa nne asubuhi, nilifungua ujumbe uliosema pensheni yangu imezuiwa. Nikabonyeza. Kioo kikawa chekundu, sauti ya mwanamke ikaniamuru nipige namba fulani upesi. Nilichomoa waya ukutani. Sijaiwasha tena, na sijui kama shajara ingali hai.

Nilimshuku Haji. Nilimshuku Ashiru. Nilikushuku na wewe. Jina moja tu sikuliandika kwenye orodha: la mzee aliyebonyeza.

Nimempa Haji kompyuta, imefungwa ndani ya blanketi. Fundo lina mizunguko mitatu na ncha imeingia ndani. Likifika vingine, niambie.

Sasa neno. Nilipoinunua mwaka 2016, muuzaji aliniambia, "Mzee, weka jina unalolipenda, lakini asilitaje mtu." Nikawaza kutwa nzima. Newala yote jina la namna hiyo ni moja. Ulikwenda nalo jandoni mwaka 2008, ukarudi bila hilo. Unajua adabu yetu: kumtajia mtu jina aliloliacha jandoni ni tusi, na mwenye kulitaja hutoa kuku. Mjomba akilitaja, aibu yake haina kuku wa kuifuta. Ndiyo sababu ya kofia. Ndiyo sababu ya "wewe tu".

Mama yako alilipenda. Kila siku tangu urudi aliuma ulimi asikuite.

Hata hapa siliandiki. Liandike wewe mwenyewe. Herufi zote ndogo.

Mjomba wako,
Fortunatus


Masasi, 19 Januari 2026

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo, na unisamehe kwa siku zote ulizozihesabu.

Fundo lilifika na mizunguko yake mitatu. Nilimwomba Ashiru atoke nje, nikaliandika. Kidole kiligoma kwenye herufi ya kwanza. Sikuwa nimeliandika tangu darasa la tatu. Ikafunguka. Ule wekundu ulikuwa vitisho vya matapeli tu, haukugusa kitu. Shajara nimeinakili mara mbili, nakala moja iko kabatini shuleni, ndipo nikaweka Linux. Sikusoma hata mstari mmoja.

Pendo amejifungua juzi, salama, mtoto wa kiume. Tumempa jina lile. Wajomba wa Pendo wameridhia. Mimi nililiacha porini, lakini hakuna aliyesema lisirudi nyumbani kwa miguu mingine. Sasa majirani wote wanamwita Pendo kwa jina la mwanawe, basi neno la siri imebidi nilibadilishe. La zamani linatangazwa uani tangu asubuhi.

Mtoto nimepata, Mjomba. Ahadi imefika.

Mpwa wako,
Ladislaus


Newala, 21 Januari 2026

Baba Chilumba,

Nimeliandika, na kuku hatoi mtu.

Marahaba. Mpe pole Mama Chilumba. Nakuja Ijumaa kwa basi la Haji. Neno jipya usiliandike kwenye barua, bahasha yako imebanduliwa tena, utaninong'oneza. Na huyo ndege wenu, kama yupo kwenye kioo, mfunike na kofia wakati nasoma.

Nitasoma kwa sauti, kuanzia siku ya kwanza. Mtoto awe chumbani. Katika ukurasa wa siku yake ya mwisho mama yako hakuuma ulimi tena. Analiita jina lile mara tatu, na siku ile hakukuwa na mtu wa kuitika.

Babu yake Chilumba,
Fortunatus