Risasi Haifi kwa Kuchemshwa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na kipupwe hiki? Ile dawa ya kuchua inakufaa, au imeishia kabatini? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Hapa Ujerumani wanasema ni majira ya joto, na bado navaa sweta.

Nakutumia barua hii kwa simu kwa sababu kila nikikupigia na kukuuliza biashara unasema, "Sote wazima, mwanangu, wewe soma." Mwezi uliopita mdogo wangu Zuhura akaniambia ukweli: hakuna anayenunua chaza wako tena pale sokoni Dunda. Unarudi na beseni kama ulivyotoka nalo. Na aliyewafukuza wateja wako ni mimi.

Lile tope nililochota mikokoni nilipokuja likizo, nyuma ya karakana wanakovunja betri kuukuu za magari, ndilo ninalolisomea. Humo mna bakteria, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Ngozi yao hunasa madini kama ulimbo unavyonasa ndege, na wengine huyameza wakayaweka ndani. Nilipowapima nikakuta wamejaa risasi, ile ya kwenye betri. Nilifurahi, Mama. Niliruka humo maabarani kama mtoto. Nikampigia Zuhura kujisifu: "Tope la kwetu lina sumu, na wadudu wangu wanaikamata!" Zuhura akamsimulia jirani. Jirani hakusikia habari ya wadudu, alisikia sumu.

Nilipojua wateja wamekukimbia, sikukaa bure. Nikamwomba rafiki yangu anayesoma Dar achukue chaza wako na wa mdogo wako, Mama Mdogo Tatu, awapime. Majibu yamekuja jana. Wako ni salama. Huko mlangoni mwa mto unakookota wewe, risasi haijafika. Nililia kwa furaha, kisha nikasoma mstari wa pili.

Wa Mama Mdogo wanayo, tena nyingi. Yeye huokota nyuma ya karakana. Chaza huchuja maji wakala wadudu hao pamoja na walichokinasa. Akikwambia atawachemsha sana, usikubali: moto unaua mdudu, risasi haifi. Na wanaoumia kwanza ni watoto, nao wajukuu zake wanakula chaza hao tangu walipoacha ziwa.

Kwa hiyo, ili wewe usafike machoni pa wateja, lazima yeye achafuke. Yeye aliyeninyonyesha ulipolazwa. Nimejaribu kunyamaza, nikaona nitakuwa nimewalisha wale watoto kwa mkono wangu.

Nisamehe, Mama. Safari hii usimtume Zuhura. Nenda mwenyewe, mkae chumbani, umwambie kabla majirani hawajasikia. Rafiki yangu atampelekea bwana afya majibu Jumatatu. Nimemwomba asubiri hadi hapo. Na ukiweza, mchukue Mama Mdogo muokote pamoja mlangoni mwa mto. Najua ni padogo, na aliyekwisha kuumia ni wewe. Sina uso wa kukuomba, lakini nakuomba.

Nisalimie Baba, umwambie mswala aliousuka ndio ninaoswalia. Msalimie Shangazi wa Mapinga na mihogo yake. Zuhura mwambie sijamkasirikia. Mdomo wa kwanza ulikuwa wangu.

Mama Mdogo Tatu usimpe salamu zangu. Ukishatoka kwake nipigie, nami nitampigia mwenyewe. Akitaka kunitukana, anitukane nikimsikia.

Mwanao anayekupenda,
Mwanaidi