Sindano Zilipokuwa Zikichemka

Mjukuu wangu Koleta,

Salaam kutoka Misunkumilo. Babu yako anakohoa kidogo, ila mpunga tumeshavuna.

Unauliza mbona wagonjwa wa wodi yako wanalalamika na wewe muuguzi wao hupumziki. Miaka ya sabini, hapa Mpanda, wodi nzima nilikuwa muuguzi peke yangu. Sindano zilichemshwa ndipo zitumike tena, kwa hiyo jiko la mafuta ya taa nililiweka katikati ya vitanda, nikakaa kusubiri. Mzee mmoja mvuvi wa Ikola, asiye na ndugu wa kumuuguza, alikuwa akinisimulia nyavu zake mpaka maji yachemke. Dawa hazikumsaidia. Siku aliyofariki aliniambia, "Sista, leo usinichome. Chemsha tu, tuongee."

Siku hizi sindano hazichemshwi, mama. Sasa nyie mnakaa na mgonjwa saa ngapi?

Bibi yako