Mama Yuliana, Mjukuu Wetu Yuko Kwenye Mtihani

Kwako Mama Yuliana,

Misioni tulifundishwa kwamba barua ya heshima huanza kwa kumjulia mtu hali, ndipo mwandishi aeleze ya kwake. Nimekaa na kalamu mkononi tangu nilipomaliza kazi za zizini, nami sijui nikujulie hali kwa namna gani. Niwie radhi, basi, nikianza na ya kwetu. Sisi hapa Tlawi tu wazima. Shamba la bondeni limelimwa, linangoja mvua. Vitunguu saumu tumevivuna na kuvining'iniza darini, na nyumba nzima inanuka vitunguu kama ulivyozoea kulalamika. Jiwe la kaburi lako uliniambia lisiwe kubwa. Halikuwa kubwa.

Leo Agnesi anafanya mtihani wa Bayolojia. Ndiyo sababu ya barua hii.

Ulipokuwa umelala kwenye kitanda kile cha dirishani, pumzi ikiwa fupi, uliniagiza jambo moja tu. Ulisema, "Huyo mtoto amalize kidato cha nne. Usimwache aishie njiani." Nilikujibu ndiyo. Leo ninakuandikia kukueleza jinsi nilivyokaribia kuivunja ndiyo hiyo kwa kujitahidi mno kuitunza.

Baada ya mazishi, Yuliana alirudi kwake Endasak, na binti yake akabaki nami, kama wewe ulivyotaka. Mtoto hakukosa shule. Alikuwa akiamka, ananisalimu akiniita babu kwa Kiiraqw chetu, "Shikamoo, Ako," anakunywa uji wake na kushika njia. Nikadhani mambo yanakwenda. Kisha yakaja matokeo ya mtihani wa majaribio, ule ambao wao wanauita moko. Hayakuwa mazuri, Mama Yuliana. Hata Bayolojia, ambayo aliipenda, ilikuwa imeanguka.

Wazazi tuliitwa shuleni. Nilivaa koti langu la Jumapili. Mwalimu wao, kijana mpole anayesimama wazee wakiingia, alitueleza kwamba watoto wengi wana jibu kichwani, ila swali linawashinda kwa kuwa limeandikwa kwa Kiingereza. Akatuomba tuwasaidie nyumbani. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, sisi ambao hata Kiswahili tunakivuka kwa mawe, hicho Kiingereza tutakitoa kwenye debe gani?" Watu wakacheka, na mwalimu akacheka pamoja nao. Mimi sikucheka. Nilikaa wima kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nilijiambia kwamba katika chumba kile chote, mzazi mwenye Kiingereza ni mimi.

Wajua tulivyokipata sisi wa misioni. Misioni, mtoto aliyeteleza akasema Kiiraqw alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho hadi amnase mwenzake akiteleza, amvishe yeye. Sikumvisha Agnesi kibao. Naomba ulijue hilo. Lakini jioni ile nilimwita, nikamsimamisha mbele yangu, nikamtangazia kwamba tangu anapoingia uani hadi tumalize sala ya jioni, katika nyumba hii kitasemwa Kiingereza tu. Kisha nikamwondolea kazi zote. Ndoo, kuni, jembe, ng'ombe, vyote nikavichukua mimi. Nikamwambia, "Kazi yako sasa ni kitabu." Nilisema kwa upole. Niliona ninampa zawadi.

Akatii. Hapo ndipo nilipopotea, mke wangu, kwa sababu alitii vizuri sana. Alinijibu ndiyo, Babu, hapana, Babu, asante, Babu, kwa Kiingereza kisicho na kosa, macho chini, mikono nyuma. Hakuuliza kitu. Hakucheka kwa sauti. Alikula, akatoa vyombo, akaingia chumbani, akafunga mlango. Sisi tumelelewa kujua kwamba mtoto anyamazaye mbele ya mzee ana adabu. Nami nikausoma ukimya ule kwa namna hiyo hiyo, nikafurahi, nikamshukuru Mungu kwamba Agnesi amekuwa mtulivu wakati nyumba ilikuwa imemfunga mdomo.

Jirani yetu Tluway alikuja siku moja kurudisha shoka, akatusikia. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Samahani," akasema, "nilikuwa namtafuta Baba Yuliana. Naona amehama, ameingia padre." Nilimkaribisha kwa Kiingereza, kwa mzaha. Naye akajibu kwa Kiiraqw kwamba chai ataipokea, ila lugha hiyo niinywe mwenyewe. Agnesi alileta chai bila hata kutabasamu. Tluway alimtazama, akanitazama mimi, akanywa harakaharaka, akaondoka. Kumbe aliona. Mimi sikuona.

Haukupita muda mrefu, Yuliana akanipigia simu. "Shikamoo, baba." Akaniuliza hali, kisha akasema, "Baba, usinielewe vibaya. Agnesi anaomba aje huku kwangu." Nikamwambia mtihani umekaribia, na kituo chake ni hapa. "Anajua. Anasema hataufanya. Anasema aje tulime maharage." Nikauliza kwa nini. Binti yetu alisitasita, maana ni mtoto wa adabu, kisha akasema, "Anasema nyumba ya babu imekuwa chumba cha mtihani, na msimamizi wake ni babu. Baba, kwa mama alikuwa anaongea."

Nilimshukuru kwa kunipigia. Nilikaa chini, na kwa kuwa kiti changu kilikuwa kimejaa vitabu vya mtoto, nilikaa kwenye kigoda chako karibu na mafiga. Sijui kama nilikuwa nimewahi kukikalia. Kwanza nilikasirika. Nilijiuliza ni nani mwingine katika kijiji hiki aliyemtumikia mjukuu wake kiasi hiki, hata maji ya kuoga nikimchotea. Hasira ikaisha, ikabaki sentensi ile ya mwisho. Kwa mama alikuwa anaongea.

Nikakumbuka. Ulikuwa ukikaa hapo hapo na ungo wa maharage, yeye akikoroga chungu cha makande, akikuhadithia yote waliyofundishwa. Hukujua kusoma, na hukujifanya unajua. Neno lako lilikuwa moja. "Halafu?"

"Halafu, Ama, chumvi ikiingia kwenye maji inapotea."

"Inaenda wapi?"

"Haiendi, ipo. Ila huioni."

"Basi kama babu yako siku ya kupalilia."

Mlicheka hadi maharage yakamwagika. Na mimi nilikuwa pale pale nyuma ya gazeti. Nilikohoa, nikamwambia mtoto aache porojo akasome. Sikujua kwamba alikuwa anasoma.

Hata hivyo, kujua kosa ni jambo moja, na mzee kumwendea mtoto ni jambo lingine. Nilizunguka na maneno kifuani wiki ile yote. Nilimwambia Yuliana anipe hadi Jumapili. Nilipanga kusema baada ya sala, nikashindwa. Nilipanga kumsindikiza hadi mtoni, nikaishia kumwonya kuhusu utelezi. Niwie radhi. Wewe ungekuwa umeshamaliza kabla uji haujapoa.

Ng'ombe wako mweupe ndiye aliyenisaidia. Jumamosi mchana alishikwa na uchungu. Ndama alikuja vibaya, mguu mmoja mbele, mwingine umekunjwa ndani, nami nilikuwa peke yangu kwa sababu ya sheria zangu mwenyewe. Mikono yangu haina tena nguvu ile. Nilimwita Agnesi, na katika hofu yangu nikamwita kwa Kiiraqw. Alitoka mbio, akakunja mikono ya sweta, akapiga magoti kwenye nyasi. "Ako, sukuma kwanza ndani, usivute. Ngoja. Sasa shika hapa." Alikuwa akiniamuru kama wewe. Mguu ukanyooka, ndama akatoka, akapumua, na mama yake akageuka kumlamba.

Tukakaa chini wote wawili, tumechafuka, tukisubiri kondo la nyuma litoke. Nikamwuliza, bila kufikiri, kwa lugha ya nyumbani, kitu ambacho sikuwahi kumwuliza mtu maishani mwangu. Ndama huyu alikuwa anakulaje mle ndani? Akanitazama kuona kama ninamtahini. Alipoona sijui, akaanza. Akachora kwa kijiti kwenye udongo. Nikasema, "Kwa hiyo damu ya mama ndiyo inayoingia kwa ndama." Akatikisa kichwa. "Hapana, Ako. Watu wengi wanakosea hapo. Damu zao hazichanganyiki. Zinapita jirani tu, kila moja kwenye mishipa yake, na chakula kinavuka." Nikamwambia siamini. Akaeleza upya. Alitafuta neno la Kiiraqw, likakosekana, akachukua la Kiswahili, kisha lile la Kiingereza likamtoka lenyewe, refu, bila kuombwa na mtu. Alizungumza hadi kondo likatoka na tukalifukia.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Nilikuwa nimetaka kumwingizia mtoto damu yangu, na misioni yangu, na woga wangu wa kibao. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa jirani.

Pale pale zizini, kabla sijapata nafasi ya kuvaa koti la uzee wangu, nikasema, "Agnesi, nilikukosea. Nyumba hii nimeifanya ngumu kwako. Nakuomba radhi." Mtoto aliinama akafuta kijiti chake kwa nyasi muda mrefu. Nikadhani nimemwaibisha. Kisha akasimama, akaweka mikono nyuma, macho chini, sauti ile ile ya adabu, akanijibu kwa Kiingereza safi kwamba Babu amesamehewa, ila asirudie. Akacheka kabla hajafika mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke kusikia mtu akicheka hapa uani, nami nililazimika kugeukia upande wa ng'ombe.

Jumapili alimpigia mama yake mwenyewe. Sikusikiliza. Nilimsikia tu akisema, "Hapana, mama, nitabaki. Ako ameanza shule."

Ni kweli, nimeanza. Jioni, kukiwa bado na mwanga, tunamenya vitunguu saumu vya kupeleka sokoni, naye ananifundisha. Aliniomba nimrudishie ukamuaji wa jioni, akisema kichwa chake hutulia akikamua, nikamrudishia. Maji na kuni nimebaki navyo. Ananieleza kwanza kwa Kiiraqw. Nikielewa, tunavuka kwenda Kiswahili. Kisha anachukua karatasi ya maswali ya zamani, tunaliangalia swali la Kiingereza pamoja, na hapo ndipo misioni yangu inapopata kazi, kwa maana naweza kumwonyesha swali linaomba nini. Jibu ni lake. Mimi ni mwanafunzi mzito. Jiografia ya mvua nilimrudisha nyuma hadi akashika kiuno. "Ako, wewe ndiye unayelima, mvua huijui?" Nikamwambia naijua ikishafika.

Simwulizi tena alama za mtoto wa jirani. Nilikuwa na tabia hiyo, unakumbuka. Nikimwona amechoka, namwambia akatembee ziwani na wenzake, naye hurudi na mengi ya kusimulia. Siku ambayo alilia juu ya Hesabu, nilipika viazi, nikakaa naye. Alikula. Akarudia swali.

Sijui kama atafaulu. Nisingependa kukudanganya, hasa huko uliko. Kiingereza bado kinamkamata, na Hesabu ni mlima wake. Lakini asubuhi hii aliamka bila kuitwa, akavaa sketi aliyoipiga pasi jana, akanywa uji na kula yai. Nilimsindikiza hadi mahali njia inapoteremka. Nilikuwa na nasaha nimeiandaa, yenye sehemu ya mwanzo, kati na mwisho. Nilipomwona anavyopumua, nikaiacha. Nikamwuliza tu, "Damu ya mama na ya ndama?" Akasema, "Jirani, Ako. Jirani tu." Akaenda. Pale kwenye mwerezi aligeuka, akapunga mkono. Kisha akaangalia upande wa kaburi lako, ambalo kutoka pale huonekana vizuri, akapunga tena.

Nilitaka kukuomba radhi kwa mambo mengi zaidi, lakini jua limeshapinda, na wewe hukupenda kusomewa barua ndefu. Nasikia sauti njiani. Ni yeye, anamwamkia Tluway, na Tluway anamwuliza kama swali la ng'ombe limekuja. Sijasikia jibu.

Pumzika kwa amani ya Bwana, Mama Yuliana, na usituhangaikie. Ile ndiyo niliyokupa ingali ndiyo, na ninakuahidi kwamba matokeo yakija, yawe yoyote, sitayapokea nikiwa nimesimama na koti la Jumapili. Sasa naweka kalamu chini. Ungo uko tayari, na maharage yanahitaji kuchambuliwa. Nitakaa kwenye kigoda chako, sitamwuliza kama amejibu maswali yote, na akishaketi na kuanza kusema, nitamwambia neno lako.

Halafu?

Mimi mumeo,
Baba Yuliana