Sauti ya Baba na Mfuko Mweusi wa Mpiga Video

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, chumba namba 3. Tarehe 14, mwezi wa nane, saa tatu na dakika kumi asubuhi.
Jina: limeandikwa ndani ya jalada. Mtaani anajulikana kama Mama Pindo.
Umri: miaka 43. Kazi: fundi cherehani.
Makazi: nyumba ya tatu kutoka duka la dawa, mtaa wa nyuma ya soko.

Mimi ndiye niliyeandikisha maelezo hapa juzi, tarehe 12, nikasema mpiga video wa harusi ya mdogo wangu ni mwongo, na kwa maneno yangu mkamweka ndani. Leo nimerudi kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimepewa kiti nimekikataa. Afande asinielewe vibaya, mimi kukaa sijui. Nyumbani kwetu wananiita Afande, na sikujipa jina hilo mwenyewe.

Nianzie nyuma kidogo. Harusi yangu mimi, miaka kumi na tisa iliyopita, ilipigwa video na binamu yetu kwa kamera ya kuazima. Tulipokuja kuitazama tuliona dari, tukaona viatu vya wageni, tukaona feni. Mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, anaonekana mara moja tu, kisogo, anapita. Sauti yake haimo kabisa. Kisogo kile nimekitazama mpaka nakijua kila unywele. Kwa hiyo mdogo wangu alipochumbiwa nilisema safari hii binamu atakuja kula tu, video atapiga mtu ambaye ndiyo kazi yake.

Sababu ya pili ni baba. Ana uvimbe kooni. Madaktari walimpangia operesheni Jumatatu tarehe 11, wakatueleza kwamba wataondoa kisanduku cha sauti chote na hatazungumza tena kwa sauti tuliyoizoea. Harusi ilikuwa Jumamosi tarehe 9. Yaani kile ambacho baba angemwambia mdogo wangu ukumbini ndicho tungebaki nacho.

Nilizungukia wapiga video watatu. Wa kwanza alinionyesha harusi za watu zimewekewa muziki mwanzo mpaka mwisho, hakuna anayesikika akisema hata ahsante. Wa pili alijisifu nusu saa bila kuniuliza swali. Huyu wa tatu, ambaye yuko huku ndani kwenu, aliniuliza, "Dada, ni nani ambaye nikimkosa hutanisamehe?" Nikamwambia ni baba. Alhamisi tarehe 7, saa nne asubuhi, alikuja ukumbini, akawa anapiga makofi kila kona na kusikiliza mwangwi. Nilimcheka. Akasema kamera inaona mbali lakini haisikii mbali, kwa hiyo baba atavaa kinasa sauti chake mwenyewe.

Mnamo tarehe 9, saa tisa alasiri, mpiga video alimbana baba kimaikrofoni chini ya ua la koti. Waya ulipita ndani ya bitana, na kinasa chenyewe, kidogo kama kiberiti, akakitia mfuko wa ndani. Saa kumi na dakika ishirini baba alisimama, akasema kwa dakika sita. Alipomaliza, mpiga video aliniambia, "Dada, mimi natoka nje na maharusi kwa picha. Nitolee kile cha mzee, ukitie kwenye mfuko wangu mweusi pale kitini." Nikasema, "Hilo limekwisha." Kumbe hata halikuanza. Wakati huohuo nilikuwa nawafuata wenye keki, nimeona meza yao imeinama, halafu nikaona watu wamebeba viti vya mstari wa mbele kabla ya muda. Ukumbi ulitakiwa kurudishwa saa kumi na mbili kamili na mimi ndiye niliyesaini. Siku ile nilikuwa roho juu juu tangu alfajiri.

Saa kumi na moja na nusu mpiga video alirudi ndani. Mfuko haupo. Kadi zote za kamera ya ndani zilikuwa mle. Alitafuta mpaka chini ya jukwaa, akasema umeibiwa. Jumapili asubuhi alikuja nyumbani, macho mekundu, akaniuliza, "Dada, na kile cha mzee?" Nikamjibu bila kupepesa kwamba nilikitia mfukoni mwake. Sikusema uongo, afande. Niliamini hivyo. Nikiambiwa jambo huwa ninalifanya, basi nikajua nimelifanya.

Jumatatu baba aliingia chumba cha operesheni saa mbili asubuhi. Mimi nilizunguka ule ukumbi wa kungojea mpaka nesi akaniomba nikazunguke nje. Baba alipotoka, alifungua mdomo kutusalimia na hakukutoka kitu. Mdogo wangu akaanza kulia. Mimi nikaenda kutafuta mtu wa kugombana naye. Jumanne nilikuja hapa, nikasema mpiga video hakurekodi chochote, ameharibu kazi, na sasa anasingizia wizi ili asione aibu. Nilisema pia kwamba anatuchezea sisi watu wenye mgonjwa. Mliponiuliza kama nina hakika, nilipiga meza.

Jana, tarehe 13, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa dukani kwangu. Koti la baba, lile la harusini, nilikuwa nimelichukua hospitalini nilipunguze, maana amekonda na linampwaya. Nilipofumua bitana upande wa kushoto, mkono wangu ulikuta waya. Nikaufuata. Ndani ya mfuko kilikuwemo kinasa. Mkasi ulianguka nikauacha palepale.

Nilivuka barabara kwa fundi simu, nikamwambia akifungue. Akakichaji, akanipa visikilizio. Dakika sita za baba zimo zote. Kila neno limo, hata pale alipokohoa akaomba radhi. Nilishukuru kwa sauti kubwa, fundi simu akafikiri nimeshinda bahati nasibu. Nilikuwa nakaribia kuvua visikilizio nikimbie kwa mdogo wangu. Lakini kinasa hakikuzimwa na mtu, kiliendelea mpaka chaji ilipokwisha, na mimi nikaendelea kusikiliza.

Saa kumi na moja kasorobo kwa saa ya kinasa, ninasikika mimi. Nimesimama karibu na baba na ninamwambia mmoja wa wale waliokuja kukusanya vitambaa vya meza: "Kaka, huo mfuko unafanya nini hapo kwenye kiti? Unachafua sura ya ukumbi. Utieni na vitambaa vyenu huko, mwenyewe atauuliza." Yule anauliza, "Huu mweusi?" Nami nasema, "Sasa unauona mwingine?"

Ni sauti yangu, sina pa kukimbilia. Kukumbuka kwenyewe sikumbuki. Siku ile nilitoa amri labda mia mbili, na hiyo ilikuwa mojawapo. Mfuko haukuibiwa. Mimi ndiye niliyeuondosha kwa mdomo wangu, na siku ya tatu nikamfungisha mwenyewe.

Fundi simu alisikia, maana alikuwa ameunganisha spika yake. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Dada, hapo naweza kukata. Nakuachia ya mzee tu, hakuna atakayejua." Sitaficha, sikumkataza. Nilimwacha akashika kipanya cha kompyuta yake. Niliwaza nitakavyomtazama mdogo wangu. Niliwaza wateja wangu, na mlango wa hapa kituoni. Nikamwambia asubiri kwanza tumalizie.

Baada ya mimi kuondoka, yule mtu wa vitambaa anacheka na kumuuliza baba, "Mzee, huyu mama huwa hakai?" Baba anajibu. Sauti yake hapo imeshachoka, ni ya kukwaruza. Anasema: "Mwache. Tangu mama yao afariki hajakaa. Anajua akikaa atalia. Mimi ndiye niliyemzoesha, kila kitu nilimwachia yeye. Leo nilitaka nimwambie, mwanangu, kaa sasa, inatosha. Sikupata nafasi, alikuwa anapita tu."

Nilimwambia fundi simu atoe mkono wake kwenye kipanya. Jana mchana kutwa nilizunguka. Nilifika mpaka kwenye geti lenu mara mbili nikarudi. Nilipiga simu kwa wakodisha vitambaa, wakaniambia mzigo wa Jumamosi bado umefungwa kwenye stoo yao nyuma ya kituo cha mafuta, foleni ya kufua ni ndefu. Nimewaambia wasiuguse.

Ninakabidhi kinasa hiki. Ninajua kitafungwa kama kielelezo na kwamba kitakaa hapa. Nimeuliza kama naweza kubaki na nakala, nimeambiwa nitapewa baada ya taratibu. Nimekubali. Ninaomba huyo mtu atolewe, na ninaomba awepo mtu wakati nikimwambia samahani, kwa sababu sijazoea na naweza kuharibu. Yeye aliniuliza ni nani ambaye akimkosa sitamsamehe, na hakumkosa.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, hakuna aliyenishurutisha wala kunisaidia maneno.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA
Maelezo yalimalizika saa nne na dakika tano. Shahidi alitoa maelezo yote akiwa amesimama. Kinasa sauti kimepokelewa na kusikilizwa mbele yake. Konstebo alitumwa kwenye stoo iliyotajwa na kurejea saa tano na robo na mfuko mweusi mmoja, uliokutwa katikati ya vitambaa vichafu, zipu imefungwa, kadi zote zimo. Mpiga video aliachiwa saa tano na dakika arobaini. Alimkuta shahidi bado ofisini. Kabla shahidi hajasema lolote, mpiga video alimuuliza kama sauti ya mzee imetoka. Shahidi alijibu imetoka. Mengine aliyoyasema shahidi hayakuandikwa.

Kabla kielelezo hakijafungwa kwa lakiri, shahidi aliomba asikilize tena maneno ya mzee baada ya saa kumi na moja kasorobo. Nilimruhusu. Alivuta kiti mwenyewe, akakaa.