Damu ya Chozi

Jumatatu, 10 Juni

Nyavu zimesimama kabla ya jua. Baridi ya kukata vidole. Tumenasa chozi wachache, vindege wanyonya maua, mmoja jike mkorofi aliyenidonoa mpaka nikapiga kelele. Baba Regina alimshika, nikamtoboa mshipa chini ya bawa, tone likapanda kwenye mrija wa kioo. Tukamwachia, akaruka mzima. Mrija ukaingia kwenye deli, juu ya barafu.

Baba Regina ni mkulima wa kabichi, mwenyeji wangu huku mlimani. Anabeba mzigo wangu huku anaimba nyimbo za kwaya yake. Mimi nahema kwenda chooni tu. Hewa ya huku nyepesi, oksijeni haba, na ndege mdogo kama kidole gumba haoni shida. Nadhani damu yake huikamata oksijeni upesi kuliko ya wenzake wa bustanini Bigwa, kule chini mjini. Kazi yangu yote ni kujua kama ndivyo.

Mama Regina amepika magimbi. Nimeshiba vibaya.

Jumatano, 12 Juni

Mwenyekiti wa kijiji ameniita nijieleze mkutanoni. Nilijiandaa. Nilitaka Kiswahili safi, siyo kile chetu cha chuoni, nusu Kiingereza. Nikawaambia tumekuja kuchukua damu ya chozi, tuone inavyobeba hewa. Nikadhani nimewakosha. Mama mmoja akambeba mwanawe, akaondoka.

Baba Regina hakuwepo. Alikuwa kwenye nyavu.

Alhamisi, 13 Juni

Leo hakuna aliyeitikia shikamoo yangu. Hata bibi wa jirani, aliyekuwa akinipa ndizi. Nimekasirika.

Jioni Baba Regina amenieleza, macho chini. Huku ndege yule ana jina lake la Kiluguru. Chozi wanalolijua wao ni lile la jichoni. Kijiji kizima kimesikia nimekuja kuchukua watu damu na machozi. Na deli lenye mirija myekundu wameliona.

Mumiani, mnyonya damu, basi. Neno la kututishia utotoni Mafiga, tusichelewe kurudi nyumbani. Nimecheka. Yeye hakucheka. Amesema kesho nishuke mjini, yeye atabaki awaelezee, wanamjua tangu amezaliwa.

Nimekubali haraka mno. Naogopa.

Jumamosi, 15 Juni

Wamempiga.

Mama Regina kapiga simu, analia, sikuelewa mara ya kwanza. Walimkuta anakunja nyavu zangu. Wakasema hizo ndizo za kunasia watoto. Alipowaambia ni za ndege, wakamuuliza ndege gani ana machozi. Kabichi zote wamezifyeka. Wanakwaya wenzake wamemshusha kwa machela.

Nyavu zangu. Mdomo wangu.

Jumapili, 16 Juni

Hospitali. Ubavu umetoboa pafu. Ana mpira wa oksijeni puani na damu imejaa kifuani. Wameomba ndugu wachangie damu. Hakuna ndugu aliyeshuka. Nimetoa mimi, na mirija yao ni minene. Muuguzi akanisifu kwa moyo wangu mzuri.

Msimamizi wangu wa chuoni ametuma ujumbe: sampuli ziko salama? Ziko salama. Nimemchukia kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba asubuhi nilipitia kwanza maabara kuangalia friji, ndipo nikaja hospitali.

Alhamisi, 20 Juni

Ataishi. Kijiji kimetuma neno: asirudi.

Jumamosi, 29 Juni

Baba na Mama Regina wamepanga chumba Kihonda, huku mjini. Mabati, vumbi, joto. Baba Regina anahema kutoka kitandani hadi mlangoni, halafu anasimama ameshika fremu. Kutoka pale mlima unaonekana wote. Nilitaka kumwambia asiutazame.

Nimewapelekea mchele. Mama Regina alikuwa anachambua mchicha wa kununua, yeye aliyekuwa anatushushia mboga mjini. Nikakaa naye kwenye mkeka, nikavuta fungu moja.

Baba Regina akauliza damu ya wale ndege imeonyesha nini. Nikamwambia bado haijapimwa. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kulala.

Mama Regina hakuinua macho.

"Si ungesema tu ndege, mwanangu."

Hakuwa amekasirika. Tukaendelea kuchambua mpaka mchicha ukaisha.