Ndoo za Buluu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mjomba Asen ameshapasua kuni, au bado anatoa ahadi tu? Mimi ni mzima. Zile pilipili ulizonisagia na nyanya zimebaki kidogo tu chupani, nazila kwa kubania.

Kazi yangu huku mtaa wa nyuma ya reli ni ileile, kutafuta kwa nini homa ya ini haiwatoki watoto. Jibu halikunisumbua: wanakunywa maji ya kisima kilicho mteremkoni, chini ya vyoo. Nimepima, nimeandika, nimeomba mabomba kabla ya theluji.

Ofisi ikatanguliza ndoo. Kila nyumba ilipewa ndoo moja nzuri ya buluu, ya kunywea, kuogea na kufulia. Bosi wangu, Daktari Penchev, alipokuja kukagua akazikuta zimejaa makaa ya mawe, na ndani ya moja kuku ametaga. Bibi Fanka, ambaye hajazaliwa wa kumtisha, akamwambia, "We daktari, soksi na maji ya chai unaviweka ndoo moja? Basi kwako mimi sili!" Wanawake wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Akaandika kwamba watu hawa hawataki usafi, na mabomba yatakuwa hasara tupu.

Mama, nilipandwa na hasira. Kikaoni, mbele ya wakubwa wa mkoa, nikasimama bila kuombwa. Nikasema wanawake wale ni wasafi kutushinda sote pale mezani: beseni la vyombo halinawiwi uso, sketi, vazi la chini ya kiuno, haifuliwi pamoja na blauzi, na maji ya kunywa hayakaribiani na hayo yote. Tumewapa uchafu, kisha tunawalaumu kwa kuukataa. Daktari akaniuliza, kwa ustaarabu kabisa, hayo nimeyasoma kitabu gani.

Hapa naomba ukae kwanza, Mama. Tangu siku yangu ya kwanza shuleni ulinifundisha nikiulizwa kabila niseme sisi ni Waturuki. Najua ulichoogopa; ulifukuzwa kiwandani kwa kusema kweli. Lakini nilimjibu kwamba sijasoma popote, nimelelewa hivyo, kwamba mama yangu ni Mroma kama wanawake wale wa nyuma ya reli, na mimi ni Mroma. Wala sikukaa.

Kazi sijui kama nitabaki nayo. Mabomba nayo hayajaamuliwa. Daktari anasema hawezi kubadili ripoti kwa maneno yangu matupu, mpaka aione kwa macho yake nyumba inayoishi hivyo. Nikamwambia ipo moja ninayoijua vizuri.

Kwa hiyo Jumapili nakuja naye, tupikie kabichi. Msalimie Mjomba na majirani wote. Na yale mabeseni yako, Mama, ambayo mgeni akibisha hodi tu unayasukuma chini ya kitanda, safari hii yaache palepale ukutani.

Ni mimi binti yako,
Rumyana