Profesa na Dawa ya Zambarau

Shoga, yule bosi tunayemwita Profesa ametuaibisha leo, bado siamini!

Dawa ya kupaka kwenye fremu ya kuchapia fulana, ile inayogandishwa kwa mwanga wa taa ili picha ishike, imebadilishwa. Ya zamani ilikuwa ya njano hafifu, hii ni zambarau iliyokoza. Dada yangu, tunayefanya naye kazi hapo, akamwambia, "Hii inameza mwanga. Dakika tatu kwenye taa haitashika, tuiache nane."

Profesa eti, "Rangi ni pambo tu." PAMBO!

Akaitoa fremu kwenye taa baada ya dakika tatu, akaiosha mbele ya mteja. Picha yote ikayeyuka ikaenda na maji. Yote!

Akalaumu maji. Maji, shoga!

Mteja akamgeukia dada: "Utanifanyia wewe?"

Dada akachukua fremu nyingine, akamwambia Profesa, "Nipishe."

Akapisha.